Mfuko wa jamii wa Kanda ya Ziwa: tuanzishe wetu au ni ulaji mwingine?

#1 Mwana Igogo
Mwangaluka wadau.
Juzi nilihudhuria kikao cha vikundi vya mtaani kwetu. Mgeni mmoja akaleta hoja kwamba Kanda ya Ziwa ianzishe mfuko wake wa jamii. Sio mradi wa mfadhili wa miaka mitatu halafu gari linaondoka. Ni chungu kimoja: wafanyabiashara, wenye mitumbwi, wanakanda walioko Dar na ughaibuni, kila mwenye chochote anatia humo. Mtaji hauguswi. Kinachozaliwa ndicho kinagawiwa kila mwaka kwa vikundi vya hapa hapa, yaani wacheza ngoma, BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi) za mialoni, watu wenye ulemavu, vijana wanaofundisha watoto jioni, hata kufa na kuzikana. Alisema kitu hicho kilianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1914, mwanzilishi mwanasheria aliyekuwa mkuu wa benki, Frederick Goff. Majirani zetu Kenya wanacho tangu 1997, KCDF ya Nairobi.
Ukumbi uligawanyika. Nusu makofi, nusu wakauliza nani atashika ufunguo. Nami nauleta hapa: tuanzishe, au ni ulaji mwingine umevaa tai? Nawasilisha.

#2 Dagaa Kauzu
Mfuko wa jamii ndio ule wa mafao? Mimi mbona nakatwa kila mwezi.

#3 Mwana Igogo
Hapana mkuu, ule ni wa hifadhi ya jamii. Huu haukukati, unakuomba.

#4 Dagaa Kauzu
Basi sitoi.

#5 Mama Hisa
Sijaelewa mnachotaka kuanzisha. Mfuko wa jamii si tunao? Kila kikoba kinao. Sisi hapa Mabatini tunatoa 1,000 kila Jumatano kabla ya hisa, inaingia kwenye kimfuko chake cha kitambaa cha bluu, kinafungwa kamba, kinarudi ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Mwenzetu akilazwa Bugando, hela inatoka jioni hiyo hiyo. Hakuna barua wala andiko. Huyo bwana wa Cleveland anakuja kutufundisha nini?

#6 Mhasibu Mstaafu
Tuache hisia, tuongee namba.
Chukua milioni 100. Weka kwenye hati fungani ya serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha serikali kwa riba. Kwa viwango vilivyoshushwa 2022, ulikuwa unapata asilimia 12 na ushee. Sema milioni 12 kwa mwaka. Gawa kwa vikundi 60: kila kimoja 200,000. Na hapo hujalipa mshahara wa mtu hata mmoja, hujalipa pango, hujalipa mkaguzi. Wakati huo mfumuko wa bei unaguguna ile milioni 100 kimya kimya, baada ya miaka ishirini unabaki na jina. Kwa hiyo bila bilioni kadhaa mnazungumzia ofisi yenye kibao mlangoni.
Pili, sheria. Kuna Sheria ya NGO ya 2002, kuna marekebisho ya 2019 yaliyowahamisha watu kutoka usajili mmoja kwenda mwingine. Vikoba vyenyewe viko daraja la nne chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018. Mfuko utampa nani hela, na chini ya usajili upi?
Tatu, wapokeaji. Tusidanganyane. Kikundi cha kufa na kuzikana ambacho msiba ukiisha hakijui sufuria zake zimerudi ngapi, unakipa ruzuku ukitegemea ripoti? Kina mama wale wanachojua ni kuchagua sare.

#7 Kijana wa Mabatini
Mzee wa namba umeanza vizuri, hapo mwisho umechafua hali ya hewa. 😂
Ila kuna jambo mnaliruka. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Watu watasema hela ya vikundi si ipo? Ipo, lakini ni mkopo, lazima uwe na biashara ya kurejeshea. Kikundi cha ngoma kinarejesha nini? Wanaosafisha mtaro wa Mirongo wanamuuzia nani? Hao ndio hawana mlango popote, na nadhani ndio mfuko ungewafaa. Mwenye jibu alete.

#8 Mama Hisa
Mhasibu Mstaafu, shikamoo kwanza, maana umesema umestaafu.
Sufuria zetu ni 14. Mbili kubwa zinameza mchele kilo 25 kila moja, nne za nyama na maharage, zinazobaki za chai, uji na maji. Zamani tuliandika jina la kikundi kwa rangi nyekundu, ikawa inaungua na kuni. Sasa tunagonga kwa msumari chini ya ukingo, herufi na namba, ukipitisha kidole unasoma hata gizani. Siku ya msiba anasimama mtu wa zamu mlango wa stoo na kaunta buku. Kila kinachotoka, namba yake, jina la aliyebeba, sahihi, na asiyejua kuandika anapaka wino wa kalamu kwenye dole gumba. Viti 100, turubai mbili, vikombe, mpaka upawa. Kikombe kisiporudi analipa aliyesaini. Hivyo ndivyo tunavyofanya, na wengi wetu tuliishia la saba.
Wewe ofisini kwako mlijua kalamu zimerudi ngapi?

#9 Fundi Charahani
Naomba niingie kwenye hilo la sare, maana linanigusa mfukoni. Mnaosema sare ni anasa hamjawahi kufika kwenye msiba wa watu 600 mkatafuta nani anajua maiti inatoka saa ngapi. Sare ndiyo inakuonyesha umuulize nani. Kitenge pea moja, mshono wangu, mtu anavaa miaka mitano. Wanaume mnachanga jezi za timu kila msimu na hakuna anayewaita wapumbavu.

#10 Dagaa Kauzu
Jezi isiguswe.

#11 Mzee wa Marobota
Vijana mnaongea kama kanda hii haijawahi kuchanga. Nimeishi na pamba tangu nikiwa mtoto wa kukanyaga marobota, ngoja niwape kidogo.
Miaka ya hamsini mwanzoni mkulima wa pamba alikuwa anaibiwa kwenye mizani. Unafika na mzigo wako, mnunuzi anasoma anachotaka. Wakulima hawakusubiri mfadhili. Vikundi vyao vikachanga, vikaajiri wapima wao wenyewe wasimame palepale kwenye mizani ya mnunuzi waseme uzito ni huu. Paul Bomani akiwa kijana tu ndiye aliyeviunganisha. Ndipo ikaja VFCU, shirikisho la ushirika wa pamba, kama sikosei 1953. Vyama vya msingi kila kijiji, vyama vikuu juu yake, halafu shirikisho hapa Mwanza. Wakamiliki vinu vya kuchambua pamba. Kwa Afrika nzima watu walikuwa wanakuja kuangalia Wasukuma wanafanyaje.
Mnasema mtaji hauguswi. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima, amri ilitoka juu, mali ikaenda kwenye mamlaka za mazao. Baadaye sheria ya 1982 ikarudisha ushirika, ushirika wetu wa Nyanza ukasimama tena, lakini aliyewahi kunyang'anywa ng'ombe harudi na imani ile ile. Baba yangu mpaka anakufa alikuwa anasema "hisa zangu". Sikuwahi kuona karatasi ya hisa hizo.
Kwa hiyo mimi swali langu ni moja, nani atazuia amri nyingine?

#12 Mkerewe Halisi
Mzee, VFCU ni 1955. Na umesahau kutaja kuwa pamba ilikuwa inatoka na Ukerewe pia, mnatusahau kila mnapohesabu. Mkianzisha mfuko wenu mtasema "visiwa tutavifikia awamu ya pili".

#13 Mzee wa Marobota
1955, sawa, nimekubali. Umri. Ukerewe hamkusahauliwa, mlikuwa mnakuja na mashua mnamaliza samaki sokoni.

#14 Ustadh wa Kirumba
Assalaam alaykum. Mleta mada umetupeleka Cleveland bila sababu. Kwa Kiswahili jambo hilo lina jina, nalo ni wakfu. Nyumba ya kupangisha, kisima, shamba la minazi: asili haiuzwi, mazao yanakwenda kwa waliotajwa. Lilikuwepo karne nyingi kabla ya hiyo 1914. Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mpaka leo. Halafu Mhasibu anatuwekea hati fungani za riba, maana yake ametutoa mimi na jamaa zangu wote kabla mfuko haujaanza. Kwa nini isiwe nyumba ya kupangisha?

#15 Kijana wa Mabatini
Shamba la minazi Mwanza, Ustadh? 😂 Huku tuwekee wakfu wa mawe. Hayaibiki.

#16 Mwana Igogo
Ustadh umenifurahisha, mgeni yule aligusia hapo. Kilichomsumbua Goff, alisema, ni hela za marehemu. Mtu anakufa ameacha fungu kwa kazi fulani, miaka hamsini baadaye kazi hiyo haipo tena, hela imekaa imefungwa na wosia. Akauita mkono wa wafu. Kwa hiyo chungu chake akakipa kamati ya walio hai, wenye ruhusa ya kuhamisha matumizi. Na Kenya, vikundi vinaweza kuweka akiba yao ndani ya KCDF, inabaki na jina la kikundi, inawekezwa pamoja na za wengine. Hapo ndipo nilipoona pana kitu, maana kikundi hakiombi, kinatunza.
Kuna mtu anaweza kunijibu hilo, au lile la Kijana la #7?

#17 Ustadh wa Kirumba
Ruhusa ya kuhamisha matumizi ndiyo mlango wa mwizi. Sharti la mwenye kuweka wakfu linaheshimiwa. Ndiyo maana watu wanatoa.

#18 Muhaya wa Nyakato
Samahani, "Kanda ya Ziwa" yenu inaanzia wapi? Maana nimeona mnaandika Mwanza Mwanza. Makao makuu yakae Bukoba, kuna utulivu na watu wanajua kusoma mikataba.

#19 Mkerewe Halisi
Hahaa. Mhaya ameingia, mfuko umekwisha. Kesho utaitwa Foundation na utakuwa na nembo ya ndizi.

#20 Ng'wana Busega
Na Shinyanga nao wamo? Ziwa lao liko wapi? Sisi Simiyu angalau Busega tunagusa maji. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa 2025, sasa hivi mtasema Geita ni mtaa wa Mwanza.

#21 Mzee wa Marobota
Shinyanga ilitupa sungusungu, mheshimu. Hilo nalo lilikuwa chama cha wananchi bila ruzuku ya mtu. Na kabla yake kulikuwa na basumba, vijana wanalima shamba la huyu leo, la yule kesho, nsumba ntale, kiongozi wao, mbele yao. Kasoro yake ni hii: faini za banamhala, yaani wazee, zilikuwa zinaliwa palepale, mbuzi hachelewi. Akiba tulijifunzia kwenye pamba.

#22 Mhasibu Mstaafu
Naona nashambuliwa na watu ambao hawajajibu hata namba moja. Nami nina uzoefu na vikundi hivyo, sijasoma kitabuni. Baba yangu alifariki Septemba 2011, msiba ulikuwa Mabatini hapo hapo, karibu na daraja. Alikuwa mwanachama wa kufa na kuzikana tangu kinaanzishwa. Turubai na sufuria vilikuja, sikatai, na walipika vizuri. Siku ya nne mama mmoja akaja na daftari, nikatozwa 30,000. Sikupewa risiti. Mwanachama aliyelipa ada miaka yote, familia yake inatozwa kwa kosa gani? Huo ndio utawala bora mnaotaka kuupa mtaji?

#23 Dagaa Kauzu
Duh. Mama Hisa, jibu mashitaka.

#24 Fundi Charahani
Kama ni kweli hapo kina mama mmekosea. Hata mimi mteja wangu nampa karatasi.

#25 Kijana wa Mabatini
Septemba 2011 kikundi cha karibu na daraja kilikuwa kimoja tu. Mama Hisa, ni nyie.

#26 Mhasibu Mstaafu
Kimya. Mnaona?

#27 Muhaya wa Nyakato
Bukoba tungetoa risiti.

#28 Mama Hisa
Sikukimbia, nilikwenda kwa katibu wa zamani, anakaa Mkuyuni siku hizi. Madaftari ya zamani yapo kwake kwenye beseni juu ya kabati, yamefunikwa na kanga. Tumepekua la 2011 mpaka macho yamewasha, kurasa zimegandana.
Mhasibu, pole kwa baba. Nimemkumbuka sasa, alikuwa anakaa benchi la nyuma na alikuwa halipi faini ya kuchelewa kwa sababu hakuwahi kuchelewa.
Hukutozwa ada. Ukurasa umeandikwa hivi, naunukuu ulivyo: "Sufuria No. 9 haijarudi. Mtoto wa marehemu kaleta 30,000. Baki 55,000. Amesema ataleta mwisho wa mwezi." Pembeni pana sahihi. Inaanza na herufi M, ina mkia mrefu chini kama ndoano.
Sufuria ile ilinunuliwa 85,000, za chai zile nzito, soko la Mlango Mmoja. Tangu siku hiyo kwenye orodha ni 14 badala ya 15. Ndiyo maana nilikuandikia 14 bila kwenda stoo kuhesabu.

#29 Kijana wa Mabatini
😂😂😂 Uzi umegeuka mahakama.

#30 Dagaa Kauzu
Mhasibu upo?

#31 Mwana Igogo
Wadau, tafadhali. Bodi ya mfuko ichaguliwe na nani? Hakuna hata mmoja amegusa.

#32 Mkerewe Halisi
Mleta mada tulia kidogo, tunasubiri sufuria.

#33 Mzee wa Marobota
Sahihi yenye mkia kama ndoano ni ya mtu wa benki. Nawajua.

#34 Mhasibu Mstaafu
Nimempigia mama yangu.
Ipo. Anasema iko nyuma ya nyumba, bata wanalalia mayai ndani yake. Nimemwambia apitishe kidole chini ya ukingo. Amesema kuna tisa, au sita, inategemea unashika upande gani.
Nilidhani 30,000 ilikuwa tozo. Siku zile sikuwa nasoma nilichosaini, nilikuwa nimefiwa. Hilo la sare nalifuta.
Hoja ya namba za hati fungani iko palepale, hakuna aliyeijibu.

#35 Fundi Charahani
Amefuta la sare, limeandikwa.

#36 Ustadh wa Kirumba
Mkono wa marehemu umeshika sufuria miaka yote hii. Allah amrehemu mzee.

#37 Mama Hisa
Amina.
Mhasibu, hatukudai kwa sababu ya baba yako, wazee walisema tuiache. Lakini haikufutwa, ipo kwenye deni mpaka leo, kila mwaka mpya inahamishwa ukurasa. Bata wakimaliza kuangua, Jumatano saa kumi jioni tunakaa pale pale. Uje na sufuria, tukurudishie 30,000 yako, au ibaki kwa bata utoe 55,000. Sare si lazima.

#38 Mhasibu Mstaafu
55,000 kwa bei ya 2011 au ya leo?